Namba ya Nyumbani

Namba ya simu ya mkononi unaweza kuhama nayo. Tangu Aprili 2011 Kenya imekuwa na utaratibu wa kukuruhusu kutoka kampuni moja kwenda nyingine ukiwa na namba yako ile ile, kuanzia sufuri saba mpaka tarakimu ya mwisho. Waliofanya hivyo si wengi. Wakenya tuligundua mapema kwamba ni rahisi kununua laini ya pili na simu ya laini mbili, mambo yakaisha. Lakini namba ya simu ya nyumbani, ile ya mezani, haikuwekwa kwenye mpango huo. Ukihama, unaiacha pale pale, jinsi mtu anavyoacha mapazia kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu hayatatosha madirisha ya huko aendako.

Haya niliyajua vizuri mwaka 2021, nikiwa na sababu nzuri ya kuhama, na mama akiwa na sababu nzuri ya kutohama, na waya mmoja tu kati yetu.

Sababu yangu ni ya kawaida kwa watu wa umri wangu. Nilikuwa nimerudi Section 58 kutoka Nairobi mwaka uliotangulia, korona ilipofunga ofisi, na sikuona haja ya kurudi kulipa kodi ya Roysambu wakati chumba changu cha zamani kilikuwa hapa Nakuru kikijaa magunia ya mahindi. Kazi yangu ni kusikiliza watu waliorekodiwa na kuandika wanachosema. Mikutano ya Wamarekani, mahojiano, madaktari wanaoongea kama wana viazi moto mdomoni. Unapewa faili, unapewa saa, na saa ikipita faili inakwenda kwa mtu mwingine Manila. Hakuna anayekuuliza kama stima ilipotea.

Intaneti ya nyumbani ilikuja kupitia waya wa simu, ule wa shaba. Kampuni haikuwa mbaya, na fundi wao alikuwa mzee mpole ambaye alikuja na ngazi yake juu ya baiskeli. Tatizo lilikuwa shaba yenyewe. Mawimbi yanayobeba intaneti kwenye shaba huchoka njiani. Kadiri nyumba yako ilivyo mbali na kituo cha simu, ndivyo kinachokufikia kinavyopungua, na sisi tulikuwa mbali. Mega mbili siku ya jua. Siku ya mvua, maji yakiingia kwenye viungio, unabaki ukiangalia kile kiduara kikizunguka. Faili moja ya saa moja na nusu ilinichukua dakika arobaini kuipakua, na nilikuwa nimepewa saa tano za kuimaliza.

Halafu vijana wa faiba wakafika mtaani. Unawajua: fulana za rangi kali, simu mbili, wanapiga hodi saa za chakula cha mchana. Wakanieleza kwamba waya umeshapita nguzo ya pale kona, kilichobaki ni kuuvuta hadi ukutani, siku moja tu, kuunganishiwa ni bure. Mega kumi kwa bei karibu ile ile. Faiba ni kioo chembamba kuliko unywele na kinachopita ndani ni mwanga, kwa hivyo umbali wa mtaa mmoja haukipunguzii kitu. Nilikuwa tayari kusaini juu ya mgongo wa yule kijana.

Mama akatoka jikoni akifuta mikono, akauliza swali moja. “Na simu?”

Kijana akasema simu nayo wanaweza kuweka, mama asiwe na shaka, ataletewa namba mpya.

“Basi hapana,” mama akasema, akarudi jikoni.

Laini ile iliingia kwetu 1991. Wakati huo simu zote zilikuwa za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lile lililoundwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na ambalo kila mtu aliliita Posta tu. Ulijaza fomu, ukangoja. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa karani Bodi ya Pareto hapa mjini, na anavyosimulia mama, alingoja hadi akasahau kwamba aliomba. Siku walipokuja kuiweka, majirani walisimama nje kama watu wanaoangalia gari la harusi. Iliwekwa kwenye kimeza chake, ikafunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, na kwenye ule mduara wa kuzungusha namba baba akatia kufuli ndogo. Kila mtoto wa nyumba yenye simu wakati huo alijua dawa ya kufuli: unagonga vile vitufe ambavyo mkonga hukalia, mara tano haraka ukitaka tano, mara tisa ukitaka tisa, na simu inadhani umezungusha. Kaka yangu alikuwa bingwa. Bili ilipokuja, baba aliichunguza kufuli kwa muda mrefu sana.

Mtaa wetu wote ulipokea simu kwetu. Watu waliacha namba yetu kwa jamaa zao walioko Mombasa, Eldoret, hata Uingereza, na sisi watoto tulikuwa wa kutumwa: kimbia umwambie Mama Fulani anaitwa, watapiga tena baada ya dakika kumi. Kufikia mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani karibu laki tatu tu. Kwa hivyo ile namba haikuwa ya familia moja, ilikuwa ya watu kama kumi na watano hivi.

Na mmoja wao alikuwa mjomba.

Mjomba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Ukikulia Nakuru unawajua hao watu, maana barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita mlangoni mwetu, na Salgaa pale mbele ni mji mzima uliojengwa na usingizi wa madereva. Alipita nyumbani akienda, akapita akirudi, na akiwa huko alipiga simu Jumapili jioni. Malaba, Kampala, Kigali. Simu zenyewe zilikuwa fupi mno, za kupiga kelele: niko salama, watoto wako aje, haya. Desemba 2001 alipiga kutoka Goma. Alimwambia mama kwamba amechoka na lori, kuna gereji pale mjini imempa kazi, atakaa kidogo. Nilikuwa darasa la tatu. Nakumbuka mama akirudia, “Wapi? Goma? Goma ni wapi?” huku akiniashiria nimletee atilasi ya shule.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulilipuka, na lava ikashuka ikapita katikati ya mji wa Goma. Watu kwa malaki walikimbia, wengi wao wakavuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda. Tuliona kwenye televisheni barabara nyeusi inayotoa moshi na watu wakitembea kando yake na magodoro kichwani. Mama alihamia sebuleni. Alilala kwenye kochi, simu ikiwa hatua mbili kutoka kichwani pake, hadi shule zilipofungwa Aprili.

Sasa labda umeshaona shimo kwenye hadithi hii, kama nilivyoliona mimi nikiwa na miaka ishirini na nane na hasira ya mega mbili. Namba aliyoijua mjomba ilianza na 037. Hiyo ndiyo ilikuwa Nakuru enzi hizo. Baadaye namba za nchi zikapangwa upya, Nakuru ikawa 051, tarakimu zikaongezwa. Hata kama mjomba ana kile kikaratasi mfukoni mpaka leo, namba iliyoandikwa humo haiiti popote. Nilimwambia mama hivyo usiku ule ule. Nilimwambia kwa upole, kwa sababu nililelewa vizuri, lakini nilimwambia.

Hakushtuka hata kidogo. “Unafikiri sikujua? Mimi ndiye nilikuwa nikilipa bili.”

Akanieleza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwa sababu nilikua na simu ya mkononi. Simu ya nyumbani ina kitabu. Jina la baba, Nakuru, namba. Ukimjua mtu jina na mji, hata kama namba imebadilika mara kumi, unapiga kwa opareta unauliza, au unaingia posta yoyote unafungua kitabu. “Namba inaweza kubadilika, yeye atatafuta jina. Hii yenu ya mkononi, nani anaijua ni ya nani? Iko kwa kitabu gani?”

Nikamwambia hicho kitabu sijakiona tangu nikiwa mtoto. Akasema hilo ni la hao wenye kitabu. La kwake ni kuhakikisha laini ipo.

Nilikaa na hilo jibu. Lilikuwa na kasoro nyingi na bado sikuweza kulivunja. Jamii yetu yote ilihamia kwenye simu za mkononi kwa haraka ambayo hakuna aliyeitabiri, na kwa sababu nzuri: hukungoja miaka, hukuhitaji nguzo, ulibeba simu hadi shambani. Lakini kitu kimoja kiliachwa nyuma, na ni kile tu ambacho mama alikuwa akilipia kila mwezi. Simu ya mezani ilikuwa anwani. Ilimwambia mgeni kwamba watu hawa wanaishi mahali hapa. Namba ya mkononi inamfuata mtu, na mtu asipopatikana basi hayupo, hakuna nyumba nyuma yake ya kupokea.

Tukakubaliana kwa njia ambayo familia hukubaliana, yaani kila mtu akapata chake na gharama ikapanda. Faiba ikaingia kwa pesa zangu. Shaba ikabaki, bila intaneti, simu tupu, kwa pesa za pensheni ya mama. Mafundi wa faiba walikuja watatu na kile kimashine chao kidogo kinachoyeyusha ncha mbili za kioo na kuziunganisha, kazi nzuri kuitazama, kijana anashika pumzi kama anayepitisha uzi kwenye sindano. Jioni ile nilipakua faili ya saa moja na nusu kabla chai haijapoa. Nyumba yetu ikawa na nyaya mbili zinazoingia kwa kona mbili tofauti, na ndege wakizikalia zote bila ubaguzi.

Kuhusu kuhama kampuni ya intaneti peke yake sina mengi ya kusema, kwa sababu ukishahama mara moja unajua mara zote. Wanaokuuzia wana haraka, wanaokutengenezea hawana. Mwanzoni mwa 2024 lori la mchanga lilikata nyaya za mtaa mzima, taa ya LOS kwenye rauta ikawaka nyekundu, na kwa siku tisa kampuni ile ya vijana wa fulana ilinijibu ujumbe ule ule, kwamba suala langu litashughulikiwa ndani ya saa 24. Siku ya tano nilikuwa nimehamia ngazi za hoteli moja mjini kuiba waifai ya kupakua kazi. Siku ya kumi nilihama. Kampuni ya kwanza ilitaka rauta yake irudishwe na waya wake wa umeme, kisha ikaendelea kunitumia bili miezi miwili kama mpenzi wa zamani anayekutakia heri ya siku ya kuzaliwa. Kijana wa kampuni ya pili alikuwa, naapa, yule yule wa kampuni ya kwanza. Amebadilisha fulana tu.

Jirani mmoja aliniambia nisihangaike na waya tena, ninunue ya satelaiti, Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023. Bei ya vifaa ilipotangazwa mwanzoni ilipita 80,000, nikamwambia kwa pesa hizo nitahamia Manila mwenyewe.

Na nilipokuwa nimeanza kujivunia kampuni mpya, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ikafika. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikarudi kwenye mwendo wa kobe. Hapo ndipo nilielewa nilikuwa nikihama nini. Nilibadilisha kile kipande cha mwisho, kutoka nguzo ya kona hadi sebuleni. Baada ya hapo kampuni zote hujumuika kwenye nyaya chache hizo hizo zinazotoka Mombasa kuingia baharini, kama matatu za rangi tofauti zinazokwama kwenye foleni moja. Kabla ya waya wa kwanza kufika 2009 intaneti yote ilikuwa ya satelaiti, ghali na nzito, kwa hivyo siwezi kulalamika sana. Nililalamika kidogo.

Lakini nimeruka. Shaba ilikuwa imeshakufa wakati huo.

Iliibwa 2022, usiku mmoja wa Agosti, wiki ya uchaguzi. Shaba huuzwa kwa kilo, na wezi wa nyaya walikuwa wameipukutisha mitaa mingine zamani. Yetu ilikuwa imekatwa mara mbili miaka ya nyuma ikarudishwa. Safari hii yule fundi mzee, ambaye sasa alikuwa na pikipiki, alipanda nguzo, akashuka, akamwambia mama kwa heshima zote kwamba kwenye ule waya walikuwa wamebaki wateja wawili tu, yeye na daktari wa meno ambaye hata hakujua simu yake imekatika. Angeweza kupewa simu ya mezani isiyo na waya. Yenye namba mpya.

“Namba mpya ninayo tayari,” mama akasema. “Iko kwa mfuko wa kanzu yangu.”

Hakulia wala hakununa. Alinituma kitabu cha mazoezi cha mistari, akakaa mezani na kuorodhesha kila mahali alipowahi kuandika ile namba. Benki. Sacco ya walimu. Kanisa. Shule tatu za watoto ambao sasa wana watoto. Hospitali aliyofia baba. Hati ya kiwanja. Ilikuwa orodha ndefu kuliko nilivyotarajia, kurasa mbili na nusu, na alitembea nayo mjini mwezi mzima akibadilisha moja moja na kuweka tiki. Mahali pa mwisho palikuwa Msalaba Mwekundu. Sikujua kwamba 2002 alijaza fomu huko, ile ya kutafuta jamaa waliopotea. Wana huduma hiyo, wanaulizana nchi kwa nchi. Nilimsindikiza. Tulikaa kwenye benchi tukingoja, mama akiwa amevaa kama mtu anayekwenda harusini, na alipofika mbele alisema tu, “Nimekuja kubadilisha namba.”

Msichana wa pale hakuuliza kwa nini. Alichukua jina, akaandika, akarudia tarakimu kumi kwa sauti, mama akaitikia kila moja kwa kichwa.

Nilidhani hapo tumemaliza. Kumbe kwenye kile kitabu cha mazoezi kulikuwa na mstari mmoja bila tiki, na mstari huo uliandikwa “kitabu cha simu”.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka sokoni nikakuta mchoraji wa mabango amepiga magoti mbele ya lango letu na kopo la rangi nyeusi. Ni yule anayeandika “Shamba hili haliuzwi” kila mahali kutoka hapa hadi Bahati. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, miwani puani, akihakiki tahajia kama enzi zake za darasani. Jina la baba juu, kwa herufi kubwa, kama lilivyokuwa kitabuni. Chini yake: BADO TUKO HAPA. Chini kabisa, namba ya mkononi ya mama, tarakimu zenye ukubwa wa mkono, za kusomwa na mtu aliye juu ya lori.

Nilimwambia wakora wataitumia. Akasema wakora wana namba za kila mtu tayari.

Anapigiwa sana. Wengine wanauliza kama ni kanisa na ibada inaanza saa ngapi. Mmoja aliuliza kama kuna chumba cha kupangisha. Mwanafunzi mmoja alitaka tu kujua kwa nini, wakaongea karibu nusu saa. Kuna mzee wa Njoro aliyeshikilia kwamba bango kama hilo haliwezi kuwa la kitu kingine ila kuku wa kienyeji. Mama alimweleza mara ya kwanza, akamweleza mara ya pili. Alipopiga mara ya tatu, mama alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza anataka wangapi.